Asheville, mji uliookolewa na deni

Ukiwaambia watu wa Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, kwamba unakwenda Asheville, mji wa milimani wa jimbo hilo hilo, hucheka kwanza, maneno yanafuata baadaye. Mmoja kazini aliniambia nitaipenda hewa. Mwingine akaniasa nibebe akili zangu kutoka nyumbani, maana huko haziuzwi. Bibi mmoja ninayemhudumia hakucheka. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku, na huyu bibi, Mmarekani Mweusi, hukaa macho hadi saa tisa akipiga stori. Alizaliwa Asheville, akasoma huko mpaka shule yao ilipofungwa mwaka 1965. Alichoniambia kilikuwa kifupi: "Wakimaliza kukuonyesha majengo yao, teremka Mtaa wa Eagle."

Tulikwenda watatu, kaka yangu, wifi na mimi, na tuliondoka Ijumaa kwa sababu tulishasikia kwamba Ijumaa jioni ndiyo yenyewe. Kaka ni dereva wa malori, na dereva wa malori akikalia gari dogo siku ya mapumziko hapumziki. Anaikagua barabara kipande kwa kipande na kuipa alama. Ukishaipita Old Fort, barabara kuu namba 40 inaanza kupanda kwa nguvu. Upande wa wanaoshuka wametengeneza njia za pembeni zilizojazwa kokoto, ili lori lililokata breki liingizwe humo, lizame, lisimame. Kaka alizitazama zote bila kusema kitu. Tulipomaliza kupanda ndipo akasema, "Kitonga wangetuwekea hizi, kuna wenzangu ningekuwa nao hadi leo."

Nikiri kwamba mimi ni mtu wa Tukuyu, kwa hiyo mtu akinitajia milima namsikiliza kwa jicho la pembeni. Asheville yenyewe iko kama mita 650 tu kutoka usawa wa bahari. Wifi, ambaye ni Mzaramo na kwake Pugu ni mlima, alikuwa ameshavaa sweta. Lakini mji umekaa ndani ya bakuli, milima imeuzunguka pande zote, na safari fupi kaskazini-mashariki kuna Mount Mitchell yenye mita 2,037, mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Ule ubluu wa milima unaouona kwenye picha ni wa kweli. Misitu yake hutoa hewani kemikali iitwayo isoprini, ikichanganyika na hewa mwanga unatawanyika, na kutoka mbali safu nzima inageuka bluu, ya mbele imekolea, ya nyuma imepauka, mpaka hujui mlima unaishia wapi na anga inaanzia wapi. Hapo nikaacha maneno ya Tukuyu.

Mji wenyewe ni mdogo, watu 94,000 na ushee kwa sensa ya 2020, na kati yake unaizunguka kwa miguu mchana mmoja ukabaki na muda wa kukaa. Vituko vinaanza mapema. Tulikuwa tumesimama mbele ya jengo la mwaka 1926 lenye umbo la kabari, linaitwa Flat Iron, yaani pasi, na mbele yake kwenye njia ya miguu wameweka pasi kubwa ya chuma, mtoto anaweza kuipanda. Wifi akaniomba nimpige picha akijifanya anapiga pasi barabara. Kabla sijabonyeza, likapita basi la zambarau limejaa watalii wanaopiga kelele, na nyuma yake, juu ya baiskeli ndefu iliyompita kaka yangu kimo, mwanamume mwenye ndevu aliyevaa nguo za mtawa wa Kikatoliki. Aliwatukana abiria wa basi, wakamshangilia, akakata kona. Mama aliyekuwa akiuza vikapu pale pembeni hakuinua hata shingo. Nilimuuliza huyo ni nani. "Ni sista," akajibu, akaendelea na vikapu vyake.

Niliambiwa baadaye kwamba ni sehemu ya maonyesho ya basi lile la utalii, linachekesha watu huku linawazungusha. Sawa. Lakini jioni ile niliona pia mtu anatembeza paka kwa kamba, mzee anayepiga msumeno kwa upinde wa fidla akapata muziki mzuri kabisa, na kijana aliyekaa na taipureta ya zamani akiwaandikia wapita njia mashairi kwa hela watakayopenda. Wale hawakuwa wa basi. Nilijiuliza kwa nini mji mdogo hivi, katikati ya milima, katika jimbo ambalo sehemu nyingine ni makanisa na maduka makubwa ya barabarani, umekuwa hivi.

Jibu lilianza kujitokeza kwenye vibao. Kuna njia ya kutembea inayopita katikati ya mji na kwenye kila kituo kuna kisa. Nikavisoma vyote, jambo lililomchosha kaka kuliko kupanda mlima. Miaka ya 1920 Asheville ilikopa. Ilikopa barabara, ilikopa bustani, ilikopa ofisi. Jumba la halmashauri la mwaka 1928, kazi ya mbunifu Douglas Ellington, lina kichwa cha pembe nane na vigae vyekundu, waridi na kijani mpaka juu. Jirani yake ni mahakama ya kaunti, ndefu, iliyonyooka, imenuna. Ukiyaona pamoja utadhani ni ndugu waliogombana kwenye arusi. Wawekezaji walikuwa wanamiminika, bei ya viwanja inapaa, na kila mtu anaamini kesho italipa.

Tarehe 20 Novemba 1930 benki kubwa ya mji ikafilisika, na hela za mji zilikuwa humo. Meya alijiuzulu, na miezi michache baadaye akajiua. Miji mingine iliyoanguka wakati ule ilipata unafuu kwenye madeni yake. Asheville ikasema italipa. Ikalipa miaka ya vita, ikalipa miaka ya neema wenzake walipokuwa wakijenga upya, na hundi ya mwisho ikatoka mwaka 1976. Hati za deni wakazichoma hadharani.

Nimekulia mahali ambapo mikopo ya kausha damu imeondoa magodoro vyumbani, kwa hiyo kisa hiki sikukisoma kwa haraka. Miaka zaidi ya 40 mji mzima unaamka kulipa sherehe ya babu zao! Ila kuna upande mwingine. Miaka hiyo hiyo miji mingi ya Marekani ilivunja majengo yake ya zamani ikaweka maegesho na minara ya vioo. Asheville haikuwa na hela ya kuvunja. Vyumba vikabaki vitupu juu ya maduka yaliyofungwa, kodi ikawa ya bure, na wakaingia wachongaji, wafinyanzi, wanamuziki na watu waliochoshwa na kwao. Mwaka 1980 alipotokea mwekezaji na mpango wa kubomoa mitaa 11 ya katikati ili ijengwe maduka makubwa, wananchi waliizungushia eneo lote vitambaa vilivyofungwa pamoja, waonyeshe kwa macho ukubwa wa kitakachokwenda. Mwaka uliofuata wakaukataa kwa kura. Waliokuwa wamelipa deni la wazee wao hawakutaka kuanza jingine.

Jengo lililonishika zaidi ni Grove Arcade, soko lililoezekwa, limejaa nakshi, na simba wa mawe wawili wakilinda mlango. Nilikaa pale nikala kifungua kinywa cha mchana, pamoja na kitu wanachokiita grits, ambacho ni uji wa mahindi ulioamua kuwa ugali ukaishia njiani. Mwenye jengo, Edwin Wiley Grove, utajiri wake ulitokana na kwinini. Malaria ilikuwa inawatafuna watu wa kusini ya Marekani karne ya 19, dawa ipo, lakini chungu. Yeye akatengeneza ya maji ambayo kwinini imefichwa ndani ya sharubati, akaiita isiyo na ladha, ikanunuliwa mno. Kila aliyewahi kubanwa pua na mama yake ameze kwinini ataelewa kwa nini mtu huyu alitajirika. Kwa hela hiyo alijenga hoteli ya mawe mlimani mwaka 1913, halafu akasawazisha kilima kizima katikati ya mji, akatumia udongo wake kujaza bonde jirani, na juu ya pale palipokuwa na kilima akaanza kujenga soko lake. Alifariki 1927, soko likafunguliwa 1929 bila yeye. Serikali kuu ililichukua wakati wa vita, 1942, na wenyeji hawakuja kulipata tena kama soko mpaka 2002.

Kuhusu jumba la Biltmore, lile la tajiri Vanderbilt lenye vyumba 250 lililokamilika 1895, sina la kusema. Kiingilio kinapita dola 100 kwa kichwa msimu wa watalii. Wifi alipiga hesabu ya kilo za mchele, tukageuza gari.

Tukateremka Mtaa wa Eagle. Unaanzia nyuma tu ya uwanja mkuu, ule ambapo palisimama mnara wa Zebulon Vance, gavana aliyemiliki watumwa, mpaka ulipobomolewa 2021. Hatua chache chini ya uwanja, mteremko unakuwa mkali na watalii wanapungua ghafla. Hapa ndipo palipokuwa mtaa wa biashara wa Weusi. Jengo kubwa la kona ni YMI (Young Men's Institute, yaani taasisi ya vijana), la mwaka 1893, lililojengwa kwa ajili ya vijana Weusi waliokuwa wakijenga lile jumba la vyumba 250. Lilikuwa na mahali pa kusoma, kuoga na kukutana, na lipo hadi leo.

Kuanzia hapo nilifuata maelekezo ya bibi. Alisema niteremke mpaka Mtaa wa Valley. Hakuna Mtaa wa Valley. Ipo barabara pana yenye magari ya kasi, jina lake South Charlotte, ofisi, na maegesho. Nikapanda upande wa pili kuitafuta shule yao, Stephens-Lee, iliyokuwa juu ya kilima wakaiita ngome. Ilikuwa shule ya sekondari ya watoto Weusi si wa Asheville tu bali wa kaunti za jirani. Ilifungwa 1965 wakati shule zilipokuwa zinachanganywa, ikabomolewa 1975. Limebaki jumba la michezo la matofali, sasa ni kituo cha burudani. Kijana alikuwa anafagia ndani, akaniruhusu kuingia. Harufu ya dawa ya sakafu, mipira miwili kwenye kona, na ukutani picha za madarasa: wasichana wa mstari wa mbele wamekunja mikono mapajani, wote magauni meupe. Nilizipiga picha moja moja kwa sababu sikujua bibi yuko wapi.

Hapo ndipo kisa cha vibao kilipoanza kunikwama kooni. Mji haukuwa na hela ya kubomoa, sawa, lakini hii mitaa ilibomolewa miaka hiyo hiyo ya deni. Hela ya kubomoa majengo ya katikati haikuwepo. Ya kubomoa mitaa ya Weusi ilitoka serikali kuu, kwa mpango walioupa jina la kuufanya mji upya. Upande wa Southside peke yake mpango ulifunika zaidi ya ekari 400. Nyumba, maduka, saluni, makanisa. Waliovunjiwa walilipwa kidogo au walihamishiwa nyumba za serikali. Julai 2020 baraza la mji lilipiga kura, kwa kauli moja, kuomba radhi na kuanzisha mpango wa fidia, na wakazi wanaendelea kuvutana juu ya namna itakavyolipwa. Kwa hiyo yale majengo mazuri yaliyookolewa na umaskini yameokoka kweli. Ila nani alikuwa maskini na nani aliokoka, hayo ni maswali mawili, na vibao vya katikati ya mji nilivyovisoma asubuhi vilijibu moja.

Jioni tukarudi juu, kwenye bustani ndogo ya pembetatu iitwayo Pritchard Park. Tangu 2001 watu hukutana hapo Ijumaa wakati wa joto kupiga ngoma. Hakuna kiingilio, hakuna jukwaa. Tulizisikia kabla hatujaziona, na mwendo wa wifi ukabadilika pale pale. Wapigaji walikuwa wengi, karibu wote wazungu, wastaafu wenye shanga, akina mama na watoto mgongoni, kijana mmoja kifua wazi, na ngoma zao nyingi ni zile djembe za Afrika Magharibi. Katikati wanacheza kila aina ya watu: watalii wa viatu vya bei, watu wanaolala nje, msichana anayezungusha pete ya plastiki kiunoni.

Sasa, Waafrika watatu wakitokea mahali pa namna hiyo, jua kwamba wanaonekana. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe alikuja moja kwa moja kwa kaka, akamuuliza anatoka wapi, akasikia Tanzania, uso ukang'aa, akamkabidhi ngoma kubwa kuliko zote. Watu wakasogea kumpa nafasi. Kaka yangu amekulia Kanisa la Moravian, chombo alichowahi kupiga ni tarumbeta, tena vibaya. Aliishika ile ngoma mikono miwili, akanitazama mimi, akamtazama mkewe.

"Wifi, nenda kamwokoe mumeo," nikasema.

"Wewe si dada yake? Anza wewe."

Lakini alishavua sweta. Akajifunga khanga kiunoni (wifi hasafiri bila khanga, hata dukani) akaingia katikati na mdundiko wa kwao, taratibu, kiuno kinafanya kazi na mabega hayana habari. Ile pete ya plastiki ikaanguka. Akina mama wakamfuata nyuma kwa mstari, wakijaribu, wakikosea, wakicheka. Kaka akapata mahali pa kuficha aibu: akawa anapiga ngoma moja kwa kila hatua ya mkewe, na ikatosha.

Nilikaa ukingoni nikitazama. Kitu kimoja kilinisumbua: ngoma zile hazina wimbo. Hakuna anayeghani, hakuna kiitikio, hakuna anayesema wakati gani inapanda na wakati gani inakwisha. Mdundo unaendelea tu mpaka mikono ichoke. Kwetu ngoma bila maneno ni maandalizi. Halafu nikamwona yule mtu wa kulala nje akicheza na mama wa mkoba wa ngozi, wanashikana mikono kabisa, na nikaona labda maneno wameyaacha makusudi, kwa sababu yangewagawa.

Kesho yake tulikwenda mtoni. Mabaki ya kimbunga Helene yalipiga hapa tarehe 27 Septemba 2024, baada ya siku za mvua zilizokuwa zimeshaloweka milima. Mto French Broad ulipanda zaidi ya mita saba, ukavunja rekodi ya mafuriko ya 1916, na North Carolina yote ilipoteza zaidi ya watu 100. Karakana za wasanii, zile za River Arts District, ziko bondeni kando ya mto, kwa sababu kodi ya kule juu ilishawashinda zamani. Ukuta mmoja bado ulikuwa na mstari wa matope juu ya kichwa cha kaka, na kaka si mfupi. Baadhi ya milango ilikuwa imefunguliwa, ndani mtu anafinyanga. Jirani yake ni sakafu tupu. Msanii mmoja alituuzia kikombe, akatuambia analala mji mwingine, dakika 40 kwa gari, maana pango la Asheville ni la watu wanaokuja kuona wasanii.

Mama aliyetupangisha chumba alikuwa na ndoo sita bafuni, zimejaa, zimefunikwa. Mafuriko yalikata mabomba makuu, na maji salama ya kunywa hayakurudi rasmi mpaka 18 Novemba. Wiki za mwanzo walichota kijitoni ili kumwagia chooni, akaniambia, na walipolazimika kuoga kwa ndoo moja hakujua aanzie wapi. Nikamwonyesha pale pale, nimevaa nguo zangu: kopo dogo, maji kidogo kwanza, sabuni mwili mzima, halafu ndiyo unajisuuza kuanzia kichwani, na robo ya mwisho unaiacha ya miguu. Alisikiliza kwa makini ya mtu anayefundishwa huduma ya kwanza. Kisha akauliza, bila utani wowote, kopo liwe la ukubwa gani.

Ukiwa North Carolina na unafikiria kwenda, usiende Jumatatu, utakuta mji umelala. Angalia kwanza barabara ipi imefunguliwa, kwa sababu ile ya mandhari inayopita juu ya milima, Blue Ridge Parkway, Helene iliikata sehemu nyingi. Sweta beba hata Julai. Vibao visome, halafu teremka mpaka Stephens-Lee. Na Ijumaa jioni kwenye ngoma wakikuuliza unatoka wapi, wajibu vizuri, lakini ngoma kubwa usiipokee kama huijui. Watakusubiri uwafundishe, na si kila mtu amesafiri na wifi.